Gurudumu la Lori la Oksijeni

Vijana wa karakana wameniomba niandike. Walisema niandike "uzoefu wangu", neno ambalo kwenye semina huja pamoja na soda na karatasi ya kusaini. Uzoefu wa namna hiyo sina. Nina miaka thelathini na mbili ya kulala chini ya magari ya halmashauri hapa Tarime, mgongo unaojua mvua itanyesha lini kabla redio haijasema, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto ambacho hakinyooki. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe, maana ni huo huo mnaopokea.

Naitwa Bhoke. Siku ya kwanza nilifika karakana na cheti cha ufundi kwenye bahasha na ovaroli iliyonizidi kimo. Msimamizi alikuwa Fundi Shabani, Mrangi wa Kondoa, aliyehamishiwa huku kwa miaka miwili akakaa hadi alipostaafu. Nilijiandaa kwa swali ambalo kila mtu aliniuliza siku zile, kama mwanamke ataweza. Hakuliuliza. Alinipa ndoo iliyojaa nati za magurudumu na stadi zake, vile vyuma vyenye meno ambavyo nati hujifunga juu yake, zimechanganyika na kutu na grisi, akaniambia nizitenge kwa ukucha: zinazofunguka kushoto upande huu, zinazofunguka kulia upande ule.

Nilikaa juu ya tairi bovu tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Madereva walipita wakisema mama huyu anachambua nati kama mchele, bado kupepeta tu. Jioni Fundi Shabani alikagua, akakuta mbili ziko pasipo pake, akazimwaga zote ndani ya ndoo na kusema kesho tena. Nililia njiani, sitaficha. Kesho yake nikarudi.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya lori, nieleze. Nati ya kawaida hufunguka kwa kuzungushia kushoto, kama kifuniko cha chupa. Lakini malori mengi ya Kijapani tuliyokuwa nayo, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kinyume chake, zisije zikalegea zenyewe gari likiwa mwendoni. Asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua, na kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo anavyojifungia. Ndiyo maana Fundi Shabani alikuwa akisema usiulize gari limetoka nchi gani, uliza stadi yenyewe. Unasugua ncha yake kwa brashi ya waya, unapitisha ukucha kwenye meno yake, na meno yanakuonyesha yanapanda kuelekea wapi. Stadi haijui kusema uongo, tofauti na mwenye gari.

Alinifundisha mengine mengi, nusu yake kwa kunigombeza. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia; ukitaka kuingia chini, weka magogo, na tairi la akiba uliingize chini ya fremu, gari likidondoka lidondokee hilo. Legeza nati kabla hujainua gurudumu, sio baada. Na bomba la kuongezea urefu wa spana ninunue mwenyewe, kwa sababu la karakana litakuwa mikononi mwa mtu mwingine siku nitakayolihitaji. Nililinunua Sirari kwa muuza vyuma chakavu wa ng'ambo, Mkenya aliyeapa kwamba hii bomba ni ya kitambo, madam, itakuzika. Bado ninalo, na mpaka sasa ni mimi ninayeelekea kulitangulia.

Lakini silaha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa moto. Nati iliyogomea mafuta na bomba niliipasha kwa gesi ya kuchomelea mpaka ikawa nyekundu, nayo ikafunguka bila maneno. Kwa miaka mingi niliamini kila kilichoshikwa na kutu dawa yake ni moto. Fundi Shabani alinionya jambo moja tu: penye mitungi ya oksijeni usipeleke moto wala grisi, hivyo havipikiki chungu kimoja. Niliitikia ndiyo mzee, huku nikijiuliza nitakutana wapi na mitungi ya oksijeni.

Sasa lazima nizungumzie ukwe, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Niliolewa na Mwalimu Marwa wa Nyamwaga, na baba yake, Mzee Nyamhanga, alikuwa dereva wa malori. Watumishi wanaohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine hushangaa wakiona mila yetu ya Kikurya. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawaketi pamoja kula. Akitaka kumpa kitu hukiweka chini, naye huja kukiokota mzee akishasogea. Na kulala chali mbele ya mkwe ni jambo ambalo halitajwi hata kwa mzaha. Naye Mzee akakubali mwanawe aoe fundi magari, ambaye kazi yake yote ni kulala chali.

Tulipata utaratibu wetu. Lori lake likiharibika aliliegesha mbali na karakana, anapiga honi mara mbili, kisha anaenda kunywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo. Mimi natoka, natengeneza, napiga honi mara mbili, naondoka. Yeye anarudi. Tuliishi kwa honi hivyo miaka kumi na tisa, na naweza kusema hakuna mteja aliyewahi kunielewa vizuri kuliko yeye.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya masika, wiki ambayo barabara zetu huwa uji. Saa saba mchana nilipigiwa simu na Sista Atupele, muuguzi kutoka Tukuyu aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali moja ya misheni ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Tulifahamiana kwa sababu gari lao la wagonjwa lilikuwa kwangu, giaboksi imefunguliwa mezani ikisubiri kipuri. Hakunipigia kuuliza kipuri. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mashine yao ya hewa imezima. Watoto wawili waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wanagawana mtungi wa mwisho wa oksijeni, na hata kwa kuubana usingevuka saa kumi jioni. Mitungi mingine kumi ilikuwa njiani, juu ya lori la kukodi, na lori limekufa mbele ya Nyamwaga kwa gurudumu lisilotaka kutoka.

Nilimuuliza kama hakuna gari jingine. Alinijibu kwa upole kwamba gari jingine liko mezani kwangu.

Nikafunga vyombo kwenye pikipiki ya karakana: spana, bomba, nyundo kubwa, brashi ya waya, magogo mawili. Mtungi wa gesi niliutazama, nikauacha. Sijawahi kwenda kwenye nati iliyogoma nikiwa mikono mitupu namna ile.

Nililikuta lori limeinamia kushoto, tairi la mbele limechanika vipande. Wakulima wawili walikuwa wananing'inia kwenye bomba, wametota jasho, na aliyekuwa anawaelekeza alikuwa Mzee Nyamhanga. Alikuwa amekwisha kuacha kazi ya udereva, nilivyojua mimi. Kumbe tajiri mmoja alikuwa bado anamuita safari zikizidi. Aliponiona alivua kofia, akazunguka hadi upande wa pili wa injini. Nikamwamkia kutoka kule kule, "Shikamoo, Tata," maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Akaitikia akiwa ameelekea kwenye migomba.

Kwa kuiambia migomba ile ile, alieleza kwamba wako hapo tangu saa sita, kwamba nati zimekufa, na kwamba hajawahi kuona nati zenye kiburi kama hizi tangu aanze kushika usukani. Nikapiga magoti. Nikasugua stadi ya kwanza, nikapitisha ukucha. Nikasugua ya pili.

Ekseli ya mbele haikuwa ya lori lile. Tajiri alikuwa ameibadilisha kwa ya gari la aina nyingine, pengine bila hata kumwambia dereva, na nati zake zote nane zilikuwa za kawaida, za kufungukia kushoto. Mzee, kwa kuwa gurudumu ni la kushoto na gari ni la Kijapani, alikuwa amezungusha kulia. Saa nzima na zaidi, kwa bomba na wanaume wawili, alikuwa akikaza.

Kumwambia baba mkwe mbele za watu kwamba amekosea ni kosa. Kumwambia dereva aliyezeeka barabarani kwamba hajui nati inafungukia wapi ni kosa la pili. Na wale watoto hawakuwa na muda wa makosa yangu yote mawili. Nilimgeukia mmoja wa wakulima nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba ekseli hii imebadilishwa, hata mimi ningedanganyika. Nikaivisha spana kwenye nati mpini ukielekea kushoto, nikachomeka bomba, nikasogea nyuma hatua tano.

Mzee akaja. Akaitazama spana ilivyolala. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama spana, na niliona shingo yake inaingia mabegani. Akapanda juu ya bomba kwa uzito wake wote, na nati ya kwanza ikalia kama mlango wa zizi.

Saba zilifunguka. Ya nane ilikatika na stadi yake, nikaona heri, saba zitatufikisha. Tukainua kwa jeki, nikapanga magogo, tukasukumia tairi la akiba chini ya fremu. Nikashika gurudumu kulivuta. Halikutikisika. Kutu ilikuwa imeishika rimu kwenye habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, kana kwamba vilizaliwa pamoja. Nikapiga nyundo kuzunguka, mpira ukawa unairudisha nyundo usoni kwangu.

Mkulima mmoja akasema nichome moto tu, mama, mbona mafundi wote huchoma. Nikamwonyesha mitungi juu ya gari na kumweleza kilichomo. Sikukusudia kumtisha, lakini wote wawili walikumbuka ghafla kwamba wameacha majembe shambani, na sikuwaona tena. Kijana wa bodaboda alisimama akajitolea kubeba mtungi mmoja mmoja. Mzee alimkatalia, barabara ilikuwa utelezi, na mtungi ukidondoka ukavunjika kichwa huruka kama risasi. Akabaki mama mmoja tu aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara, ambaye alisema hawezi kukimbia biashara yake kwa sababu ya hewa.

Tukajaribu njia ya pili. Nikarudisha nati kwa mkono bila kuzikaza, tukashusha gari, Mzee akaliendesha hatua moja mbele, breki, hatua moja nyuma, breki, ili uzito wenyewe uvunje kutu. Tairi lililochanika likawa linakunjamana tu kwenye tope. Tulifanya hivyo mara tatu. Saa ilikuwa nane na nusu.

Tukainua tena kwa jeki, magogo na tairi la akiba vikarudi chini, nikatoa nati. Ilibaki njia moja. Unalala chini ya gari, chali, miguu ikielekea kwenye gurudumu, unalipiga kwa visigino kutoka ndani kwenda nje. Nguvu ya miguu ya mtu aliyelala inashinda nyundo. Nilijua hivyo, na nilibaki nimesimama. Nawaambia ukweli, vijana: mitungi haikunitia hofu kama kile kitendo cha kulala. Mama wa ndizi aliona ninavyotazama chini na anavyotazama pembeni Mzee, akaelewa bila kuelezwa.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Lala."

Nilimwomba amwambie Mzee avuke barabara na atupe mgongo. Mzee akavuka kabla hajaambiwa. Nikaingia nyuma ya ekseli, nikalala kwenye tope, nikaanza kupiga. Nilipiga mpaka nyonga zikawaka. Gurudumu lilikuwa linainama upande wangu kidogo, kisha linabana upande mwingine na kurudi. Lilihitaji kupigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, mbele ya ekseli na nyuma yake. Lilihitaji watu wawili.

Simu ikaita ikiwa kifuani mwangu. Niliiweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Sista Atupele aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia bado. Akasema mmoja ameanza kuwa wa bluu mdomoni, na kwamba hataki kunisumbua, anataka tu kujua kama aendelee kusubiri. Nikamwambia aendelee.

Nilipokata simu niliona viatu vya Mzee mbele ya gari. Kofia ilikuwa imewekwa juu ya nyasi, na koti limekunjwa juu ya kofia.

"Mama Gati," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kupitia migomba. "Mimi naingia kwa mbele. Usiniangalie, na mimi sitakuangalia. Tuhesabu."

Akaingia. Nilisikia pumzi yake ya kizee upande wa pili wa ekseli. Kile chuma kilikuwa ukuta wa nyumba yetu siku ile, unene wake kama mkono. Akahesabu kwa Kikurya, tukapiga pamoja. Akahesabu tena. Nilikuwa natazama juu, kwenye matope yaliyogandia fremu, na machozi yalikuwa yananiingia masikioni, sijui kwa aibu au kwa hasira na lile gurudumu. Mara ya saba lilitoa mlio kama kijiti kinachovunjika. Mara ya nane likaondoka, likaegemea ncha za stadi, na mama wa ndizi akasema haya basi.

Hatukutazamana tulipotoka. Nilisugua habu kwa brashi, nikapaka grisi kidogo ili atakayefuata asilie kama mimi, tukavisha tairi la akiba, nikakaza nati saba. Nilinawa mikono kwa sabuni ya mama wa ndizi kabla sijakagua kamba za mitungi. Mzee akavaa koti lenye tope mgongoni, akawasha, akaondoka. Ilikuwa saa tisa na robo.

Saa kumi kasoro dakika kumi Sista Atupele alipiga. Alisema wameunganisha mtungi mpya, na mshale wa ule wa zamani ulikuwa umelala kabisa. Kisha akawa analia, nami nilikuwa kwenye pikipiki katikati ya dimbwi, tukalia wote kwa gharama ya salio lake. Watoto wale walitoka hospitali mwezi uliofuata, mmoja baada ya mwingine.

Habari ya chini ya lori ilifika Nyamwaga kabla ya lori kufika mtoni. Mume wangu hakunisemesha siku mbili, si kwa ukali, ila hakujua aanzie wapi. Jumapili wazee wa ukoo waliketi nyumbani kwa Mzee Nyamhanga. Mimi niliwekwa jikoni, mlango wazi, nisikie. Walikubaliana upesi kwamba kondoo wa utakaso atatoka, kwa sababu mila imevunjwa. Hilo sikulipinga. Aliyeniudhi ni mzee mmoja, ndugu mkubwa wa baba mkwe wangu, aliyesema kondoo hatoshi. Kazi yenyewe ndiyo iliyoleta aibu. Mke wa mtu aache chuma kwa wanaume, na mwanaume wa haja angepatikana siku ile kama wangesubiri kidogo.

Wengine wakaitikia. Nilimsikia mume wangu akijikohoza.

Pale nyumbani, siri ya zile nati tulikuwa nayo mimi na Mzee tu. Sikuwa nimemwambia yeyote, hata mume wangu, na nilikuwa nimeapa sitamwambia. Heshima ya dereva mzima haiishi kwa sababu ya ekseli ya tajiri. Nikasikia kiti cha Mzee kinasogezwa. Alisimama, nadhani, maana sauti ilitoka juu.

"Kondoo nitatoa mimi," alisema. "Lakini sikilizeni. Kabla huyu hajafika, nilizikaza zile nati saa nzima nikidhani nazifungua. Mimi, dereva wenu. Yeye aliliona akanifichia. Ile saa haikuwa yangu, ilikuwa ya wale watoto, na mimi ndiye niliyeila. Nilipolala chini ya gari nilikuwa nairudisha."

Ndugu yake akauliza kwa sauti ndogo ni kweli alikaza. Akajibu ni kweli.

Hakuna aliyerudia habari ya kuacha kazi. Kondoo akachinjwa, na Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa karakana.